TAHADHARI: Muuza gesi wa guta anayezunguka Tabata

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu mimi ndiye huwaonya wenzangu kila siku kuhusu wauzaji wa kupita, na bado Jumamosi iliyopita nilitoa fedha yangu mwenyewe nikaingiza hatari ndani ya nyumba.

Kijana yule alifika saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwa umekatika, akiwa na mtungi wa kilo 15 begani. Nilipomuuliza lakiri ya plastiki inayofunika mdomo wa mtungi iko wapi, alinijibu kwa upole kwamba ameing'oa njiani ili asinicheleweshe, kwani ameona nina wageni. Akapiga magoti, akabana regyuleta, kile kifaa cha kufungua na kufunga gesi mdomoni mwa mtungi, akawasha jiko, na moto mzuri wa buluu ukatoka. Nikamwambia nasikia harufu. Hapo ndipo aliponitazama usoni bila kupepesa macho na kusema: "Mama, hiyo ni harufu ya mtungi mpya, kila mteja huniuliza, baada ya nusu saa itaisha." Nami nikaamini. Alikuwa amevaa ovaroli safi yenye nembo, alijua jina la kila kifaa, alimwamkia mama mkwe wangu kwa heshima, na bei yake ilikuwa chini kwa shilingi 4,000 kuliko duka nililolizoea. Nilimlipa, nikamshukuru, na hata maji ya kunywa nikampa. Maji yale yananiuma mpaka leo.

Harufu ya mtungi mpya haipo. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Hutiwa makusudi kemikali inayonuka kama yai lililooza ili ikivuja tuitambue, na mtu huyu alinifundisha kuipuuza alama hiyo hiyo.

Saa nne usiku mdogo wangu, ambaye hulala kwenye godoro chini, aliamka akiwa na kichefuchefu. Mimi niliyesimama sikusikia kitu kikali, lakini nilipoinama harufu ilinikaba, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kiberiti niwashe mshumaa. Mama mkwe aliudaka. Akaamuru watoto watolewe, milango na madirisha yafunguliwe, na swichi kuu iliyoko barazani izimwe kabla umeme haujarudi, maana friji ingeanza kufanya kazi na cheche moja ingetosha. Nilizima regyuleta, harufu haikupungua. Nilipoichomoa kabisa kwenye mtungi ndipo sauti ya mvujo ilipokoma. Tuliutoa mtungi ukiwa wima hadi uani, mbali na mtaro, na simu ya Zimamoto, 114, niliipiga nikiwa barabarani.

Asubuhi fundi aliurudishia regyuleta pale pale uani, akapaka povu la sabuni, nalo likatoa mapovu shingoni. Mpira mdogo wa duara ulio ndani ya mdomo wa mtungi ulikuwa umepasuka. Uzito nao ulipungua karibu kilo 4 ukilinganishwa na uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, ukijumlisha kilo 15 za gesi, ingawa siwezi kudai kwamba upungufu wote ni wizi, kwa kuwa sehemu ilivuja usiku.

Mtu wa namna hii hastahili kusamehewa kwa kurudisha fedha. Anastahili kukamatwa, guta lake lizuiwe, na aliyempa mitungi atajwe. Nimekwisha kupeleka malalamiko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na Wakala wa Vipimo, na ninaomba kila aliyeuziwa naye afanye hivyo, kwani malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa kirahisi. Amelaza watoto juu ya gesi kwa ajili ya faida ya siku moja!

Ukimwona: lakiri haipo, mizani hana, risiti hatoi, na ana haraka ya kuondoka mara jiko linapowaka. Namba yake ya simu haipatikani tena. Kama ulinunua kwake wiki hii, paka sabuni shingoni mwa mtungi leo, kabla ya kuwasha jiko la jioni.