Uzoefu wangu: mfumo wa stoo unaomkaribisha yeyote mwenye jina linalofaa

Kampuni iliyotuuzia mfumo wa stoo siitaji, ila wenye maduka ya spea Kariakoo na Gerezani wataitambua kwa jinsi fundi wake anavyojibu simu.

Kwa kazi za kila siku mfumo wenyewe sina ugomvi nao. Unahesabu mzigo, unatoa ripoti ya mauzo jioni, haugandi. Kinachonichemsha damu mpaka leo ni jibu nililopewa siku mauzo yetu yalipofutika.

Ilikuwa kipindi cha masika, duka limejaa wanaotafuta waipa na breki pedi. Jioni nabonyeza ripoti, faili la mauzo linafunguka likiwa na majina ya watu, mistari michache, basi. Mauzo ya siku nzima hayapo. Tulikesha tukiingiza upya risiti za EFD, moja baada ya nyingine.

Chanzo nilikikuta kesho yake kwenye folda ya pamoja, ile ambayo kila mfanyakazi anaweza kuweka kitu, na ambayo kampuni yenyewe ndiyo iliyoamua kuwekea programu yake. Kijana aliyekuja kwetu kwa fildi alikuwa anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo ndiyo mfumo wetu umeandikwa nayo. Akahifadhi humo nakala ya zoezi lake kwa jina csv.py. Hana kosa hata kidogo. Programu ya ripoti inaanza kwa import csv, yaani inaomba moduli (faili la msaada lenye kazi zilizoandikwa tayari) iitwayo csv, na Python ikiombwa moduli inapitia orodha ya mahali pa kutafuta, sys.path, kwa mpangilio. Nafasi ya kwanza ni folda iliyomo programu yenyewe, maktaba sanifu, yaani moduli zinazokuja na Python yenyewe, inakuja baadaye. Basi ikachukua csv.py ya kijana. Na kuichukua maana yake ni kuiendesha mstari kwa mstari, kwa ruhusa zilezile za keshia, pamoja na ule mstari unaoandika majina ya wenzake kwenye data.csv, jina lilelile ambalo kampuni ililitumia kwa faili letu la mauzo! Ni mlinzi wa geti anayeuliza jina tu: ukisema wewe ni Csv, pita, na aliyetangulia kufika ndiye Csv.

Nikapiga simu, nikaeleza hivyo hivyo, taratibu. Fundi akanikatisha. "Dada, wewe ni mhasibu. Mambo ya programu tuachie wenyewe." Nikamwambia leo ni zoezi la mwanafunzi, kesho mwenye nia mbaya ataweka faili lake humo na kusoma nywila ya hifadhidata. Akacheka. Nikamsikia akimwambia mwenzake pembeni, "Eti mama wa spea ananifundisha Python." Kisha akanirudia: "Hiyo si kasoro, ndivyo Python ilivyo." Akakata.

Ndivyo ilivyo! Ukweli nusu unauma kuliko uongo mzima. Ndiyo, Python imeundwa kuanza kutafuta kwenye folda ya programu. Lakini hatari ya ukoo huu inajulikana tangu zamani kwa namba yake kwenye orodha ya wazi ya kasoro za usalama, CVE-2008-5983: programu zilizobeba Python ndani yake, zikiwemo Vim na gedit za kuhariri maandishi, zilijikuta zinatafuta moduli kwenye folda yoyote ambayo mtumiaji yumo wakati huo. Mwaka 2010 yakatoka matoleo 2.6.6 na 3.1.3 yenye njia ya kuliepuka hilo. Toleo 3.4 likaleta swichi ya -I, neno fupi unaloongeza kwenye amri ili Python isitafute moduli kwenye folda ya programu. Toleo 3.11, mwaka 2022, likaongeza swichi ya -P na mpangilio wa PYTHONSAFEPATH kwa kazi hiyohiyo. Lugha nyingine za programu nazo zilichukua hatua: Ruby ilishaondoa folda ya sasa kwenye orodha yake tangu toleo 1.9.2, Perl ikaiondoa kwenye 5.26 mwaka 2017. Haya yote yameandikwa wazi, na mtu anayelipwa kila mwezi kututunzia mfumo anayachekea kwenye simu.

Python nayo siisafishi. Kinga ipo, lakini lazima uiombe, na asiyejua kuomba anabaki wazi.

Bosi alipowapigia mwenyewe wakamtuma fundi mwingine, binti mmoja. Alisalimia, akavuta kiti, akasema, "Nionyeshe dada ulichokiona." Sentensi hiyo tu ilinishusha hasira. Alianza na PYTHONSAFEPATH, hakuna kilichobadilika, kwa sababu kampuni yake ilitufungia Python 3.8. Akaweka -I kwenye amri ya ikoni. Hapo moduli za kampuni yenyewe zikagoma kupatikana, maana nazo zilikuwa zimetupwa kwenye folda ileile, akazisakinisha panapostahili. Programu akaihamishia kwenye folda ambayo msimamizi peke yake anaweza kuandika. Mwishowe tukaweka csv.py nyingine ya majaribio, kwenye folda ya pamoja kisha kando ya programu yenyewe. Ripoti ikatoka safi mara zote mbili.

Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne. Nasema kweli, nne.

Kisha ikaja ankara: "Maboresho ya usalama kwa ombi la mteja." Ombi la mteja! Waliacha mlango wazi wao, wakanitukana wao, sasa wananiuzia komeo. Narudi kwenye nyota moja, na binti yule asihesabiwe humo. Siku akifungua ofisi yake namfuata.

Mwenye mfumo huu dukani, bofya kulia ikoni ya ripoti, fungua sifa zake, tazama amri iliyoandikwa pale. Usipoona -I wapigie leo, na uwaulize programu imewekwa kwenye folda gani na nani anaruhusiwa kuandika humo. Wakikuletea ankara, waambie Gerezani tumekataa kulipa.