They Say / I Say katika darasa la mwaka wa kwanza

Kila muhula wa kwanza mimi hupokea kutoka kwa wanafunzi wangu rundo la insha zinazoanza kwa namna moja: "Wataalamu mbalimbali wamefasili dhana ya fasihi simulizi. Kwa mujibu wa TUKI (2004)…" Fasili zikifika tano insha imekwisha, na mwandishi wake hajaonekana popote, akilazimika kujitaja hujiita "mtafiti", ilhali ana miezi miwili tu chuoni. Ndiyo sababu nilinunua They Say / I Say, kitabu cha Gerald Graff na Cathy Birkenstein wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2006 na kinachotumika sana kufundishia uandishi katika vyuo vya Marekani.

Waandishi wanashikilia kwamba hoja ya kitaaluma ni jibu kwa mtu aliyekwisha kusema jambo, kwa hiyo wanampa mwanafunzi violezo, yaani sentensi zenye mapengo ya kujaza: za kueleza wengine wanasema nini, za kukubali nusu na kukataa nusu, na za kumpa mpinzani nafasi kabla hajanyoosha mkono. Nafsi ya kwanza wameiruhusu waziwazi, mradi msomaji ajue ni wapi anasema mwandishi na ni wapi anasema aliyenukuliwa. Kwetu ruhusa hiyo ni kubwa, maana kiambishi ni- kina herufi mbili tu, lakini mwanafunzi atazunguka hadi "imebainika kwamba" ili asikiandike.

Nilivitafsiri baadhi ya violezo na kuvigawa wiki ya kwanza, na hapo nilikosea. Insha zote zilirudi na "Ingawa wataalamu wengi wanashikilia kuwa…". Nilikuwa nimewavua sare moja na kuwavika nyingine.

Upungufu wa kitabu, kwa maoni yangu, ni kwamba "mimi" wake ni wa mwenye msimamo zaidi kuliko wa mwenye maisha aliyoyaishi. Mwanafunzi mmoja aliniandikia fasili tupu, lakini nilipomuuliza ana kwa ana alinieleza kwamba bibi yake hakukubali kutamba hadithi mchana, akiwatisha wajukuu kuwa wataota mikia. Kiolezo hakikuweza kulitoa jambo hilo kichwani mwake. Lilitoka kwenye karatasi kwa zoezi la Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Kimarekani aliyehimiza tangu mwaka 1973 watu waandike kwa dakika 10 bila kusimama wala kufuta. Baada ya hapo ndipo kiolezo kilipofaa: aliandika kwamba mtaalamu wa fasihi Mulokozi (1996) anautaja wakati miongoni mwa mambo yanayotawala fasihi simulizi, kisha akaongeza, "naona bibi yangu aliulinda wakati huo kwa tishio, nasi tukautii." Hakulia machozi ya kumkumbuka bibi kurasa mbili nzima (nimesoma za namna hiyo pia, na kuzisahihisha ni mateso), bibi aliingia kama ushahidi, akajibiwa na nadharia, akatoka.

Ninakipendekeza kitabu hiki kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi, hasa anayefundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa mifano yake ni ya mijadala ya Kimarekani na violezo vinahitaji kusukwa upya, si kutafsiriwa neno kwa neno. Nakala moja inatosha darasa zima. Mimi sasa huandika violezo vitatu ubaoni, tena wiki ya nne, wanafunzi wakiwa tayari na ukurasa wao wa dakika 10 mkononi.