Msimu mmoja na 504 ya baba kwenye klabu ya sedani za zamani, Lubumbashi

Nililipa dola 120 za uanachama mwezi wa nne, kisha dola 10 kila siku ya mbio. Siku zilikuwa sita, Jumamosi moja kila mwezi, kuanzia Mei mvua ilipokata mpaka Oktoba kabla haijarudi. Nilimaliza wa saba kati ya magari kumi na manne. Shemeji yangu anataka kuingia mwakani na Mercedes yake. Kila tukionana ananiuliza kama pesa ile ina faida, nami namjibu vipande vipande. Leo nimekaa niandike jibu zima, pamoja na kesi ya bobini, ile koili inayowasha cheche za injini.

Gari kwanza. Ni Peugeot 504 GL ya mwaka 1979, ya petroli, injini ya cc 1971. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003, maelfu walipochukua zile pesa za kuondoka kwa hiari, wenzake walinunua minibasi au wakafungua duka. Yeye alifungua injini ya 504, akabadilisha joe de kilasi (gasketi ya kichwa cha injini), akapiga rangi upya. Mama hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Baba alipotutoka gari liliniangukia mimi, likakaa miaka tisa chini ya mwembe kule Katuba, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Kulitoa pale kulinigharimu dola 640: mipira ya breki, tangi kuoshwa, redieta kuchomelewa, pneu (matairi) nne, betri, na fundi wangu ambaye hadai nyingi lakini anadai kila siku. Anayekwambia mchezo huu ni wa dola 120 hajahesabu vizuri. Ila vipuri vya 504 havisumbui sana. Ufaransa iliacha kutengeneza sedani hiyo mwaka 1983, lakini Nigeria na Kenya (nchi ya Kenya, si komini yetu, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya) ziliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye, kwa hiyo hata leo ukitafuta utapata. Mwenye Datsun huvuka Kasumbalesa, akatafute upande wa Zambia.

Sasa mbio zenyewe, maana wengi wakisikia neno hilo wanafikiri ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Sisi tunakimbia regilarite. Njia ni ya udongo mwekundu, kilomita 2 na mita 300, ndani ya shamba moja upande wa barabara ya Kasenga. Kabla ya kuondoka unatangaza muda wako wa kuzunguka, tuseme dakika 2 na sekunde 30, halafu unazunguka mara sita ukijaribu kuurudia muda uleule. Kila sekunde unayozidisha au unayopunguza ni pointi moja, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Hakuna ruhusa ya kutangaza chini ya dakika 2 na sekunde 20, kwa kuwa magari haya hayana fremu ya chuma ndani, na mwenye shamba hataki kuzika mtu kwake. Ukikokotoa utaona ni kilomita 59 kwa saa. Mwanangu alicheka aliposikia. Alipanda mara moja, kwenye kona ya pili akashika mlango kwa mikono miwili.

Simu haziruhusiwi ndani ya gari, saa pia hapana, na kipima mwendo kinafunikwa kwa karatasi ya gundi. Unabaki na kichwa chako na mtu wa pembeni. Wangu ni binti ya yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa; ana miaka kumi na tisa na anaimba kwaya. Anahesabu kwa mdomo tangu tunapoondoka mpaka tunapofika, wala hapotei. Alama zake ni vichuguu. Aliyefika Katanga anavijua vichuguu vyetu, vingine vinapita urefu wa nyumba, na kwenye njia ile viko vinne. Cha kwanza sekunde ya 31, cha pili sekunde ya 58, na kile kikubwa cha kona ya mwisho dakika 2 na sekunde 4. Tukikipita akiwa amefika 2 na 6, ananigusa bega bila kuacha kuhesabu, nami naongeza mguu kidogo. Kichuguu kikikauka ni kigumu kama saruji. Mwezi wa sita Mercedes moja ilichomoka gurudumu la mbele ikakigonga. Dereva alishuka mzima, kichuguu kikamenyeka kidogo tu, na gari lilirudi mjini juu ya lori.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba klabu hii ingenifundisha gari langu mwenyewe. Miezi miwili ya kwanza 504 ilikuwa inatoa moshi mweusi na kuvuta kama imechoka, na fundi alikuwa ananibadilishia buji (plagi) kila wiki. Muzee mmoja wa klabu, mwenye Peugeot 404, aliinusa tu bomba la nyuma. Akaniambia, «Mama, hii motokari inakula petroli ya watu wa bahari.» Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza hapa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ukiiachia petroli ileile iliyopimiwa kule chini, inajaa na kukohoa. Alinitolea jikleri, kile kitobo cha shaba kinachopima petroli ndani ya kabirateri, akaweka iliyo ndogo kwa hatua moja. Moshi ukaisha siku hiyohiyo. Hakutaka pesa, alitaka sahani ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), akaongeza ya pili.

Sheria nyingine niliipenda kwa akili yake. Nusu ya magari yametoka Zambia, usukani uko kulia. Yetu ya zamani yana usukani kushoto. Mwenye usukani kulia anaiona vizuri zaidi kona inayokata kulia, na mwenzake vilevile upande wake. Kwa hiyo mwezi mmoja tunazunguka kwa mwendo wa saa, mwezi unaofuata kinyume. Sijui nani aliifikiria, lakini iliua malalamiko kabla hayajazaliwa. Kasoro yake ni moja: vichuguu vyote vinabadilisha namba, na binti yetu lazima akariri upya.

Mchana tunakula pamoja. Kuna mama anayeleta michopo (nyama ya kuchoma), kuna samaki tomsoni, kuna munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo. Bia ya Simba hairuhusiwi mpaka gari la mwisho lizimwe, na hapo ndipo ubishi unaanza. Klabu ina makabila mawili, Peugeot na Datsun, na kesi yao ni Safari Rally. Watu wa Datsun wanahesabu ushindi saba: 1970, 1971, 1973, halafu ile minne ya Shekhar Mehta mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Sisi tunahesabu sita: 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, halafu 504 mwaka 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Saba kwa sita, wanatucheka. Mwezi wa saba, tumejikunyata na makoti yetu kwa ile baridi ya Julai, mimi ndiye niliyeuliza: hii si klabu ya sedani? Basi tuhesabu sedani. Zile 240Z za 1971 na 1973 ni gari za michezo, zitoke. Wakashangilia watu wetu, mpaka kijana mmoja wa Datsun akakumbuka kwamba 504 ya 1978 ilikuwa kupe (ya milango miwili) ya V6. Nayo ikatoka. Tano kwa tano. Muzee wa 404 alinitazama kama nimeuza kiwanja cha ukoo.

Na sasa bobini.

Klabu ina sheria isiyoandikwa inayosema kipuri hakinyimwi. Siku ya mbio, mwenzako akiharibikiwa na wewe unacho kipuri kwenye sanduku lako, unampa, hata kama ndiye anayekufukuza kwa pointi. Mwezi wa nane nilikuwa wa tatu kwenye msimamo. Nyuma yangu kwa pointi mbili alikuwa yule kijana wa Datsun 120Y. Jua lilikuwa kali, gari lake likazima kabla ya zamu yake, akalowesha kitambaa akaifunika bobini, ikawaka, baada ya dakika kumi ikazima tena. Ni ugonjwa wa bobini iliyochoka: ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Akaja kwangu na mikono yake nyuma. «Mama, uko na bobini ingine?» Nilikuwa nayo, ya akiba, ya volti 12, na bobini ya volti 12 haimuulizi mtu kabila. Nikampa. Akanipita kwa pointi nne siku ile, akakaa wa tatu. Sikulia, ndiyo sheria.

Mwezi wa tisa bobini yangu mimi ikafa. Ilikufa asubuhi, kabla hata sijatangaza muda. Nikafungua sanduku, nikakumbuka. Yangu ya akiba ilikuwa ndani ya Datsun, na Datsun ilikuwa Likasi, kwenye harusi. Nilikaa juu ya boneti yangu nikawatazama wenzangu wakizunguka. Muzee wa 404 alipomaliza mizunguko yake, aliichomoa bobini yake mwenyewe ikiwa bado ya moto, akanifungia. Lakini zamu yangu ilikuwa imepita, na mwenye saa hakukubali kuifungua. Ndiyo maana naandika nimekimbia siku tano na kulipia sita.

Ukiniuliza, sheria ile ndiyo kitu bora cha klabu, na imeachwa nusu. Kumpa mwenzako ni lazima. Kurudisha kumeachwa kwa dhamiri yake. Kijana yule si mwizi, alisahau, kama mimi ningeweza kusahau. Daftari moja la kuandika nani kachukua nini lingetosha.

Yako mengine yasiyonipendeza. Kwa ada tunayolipa, muuguzi mmoja na pikipiki yake hawatoshi. Siku ya Mercedes tulibahatika tu. Vizima moto viko viwili kwa magari kumi na manne. Hesabu za klabu tulisomewa mara moja, kwa haraka, upepo ukipeperusha karatasi. Vumbi pia: magari yanaachiliwa kwa kupishana dakika moja, na siku isiyo na upepo dakika hiyo haitoshi, unaendesha ndani ya ukuta mwekundu. Wabeba makala (mkaa) kwa baiskeli wanapita njia ileile kuelekea mjini, na kila mmoja akipita mbio zinasimama. Hilo silihesabu kuwa kosa. Njia ilikuwa yao kabla yetu.

Linaloniuma zaidi ni sheria ya injini. Injini lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza bodi. Mwezi wa tano alikuja papa (baba) mmoja, dereva wa teksi, na 404 safi kuliko ya muzee wetu, isipokuwa chini ya boneti kulikuwa na dizeli ya Toyota. Injini yake ya asili ilikufa zamani, na kwa mtu anayelisha watoto na gari, Toyota ndiyo inayopatikana. Wakamkataa. Mwenye uwezo wa kuagiza pistoni kutoka nje anaitwa mtunzaji wa historia, na yule aliyelifanya gari litembee miaka yote anaambiwa ameliharibu. Kwangu mimi, 404 yenye moyo wa Toyota ndiyo historia ya barabara zetu kuliko 504 yangu iliyolala na kuku. Papa yule hakuondoka. Alikuja miezi yote sita, akasimama na bendera ya njano kwenye kichuguu kikubwa, bila malipo. Ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ile Mercedes.

Mkutano wa wanachama uko mwezi wa pili. Nimepeleka maombi mawili kwa maandishi: daftari la vipuri, na kundi la pili kwa magari yaliyobadilishwa injini. La kwanza litapita. La pili watabishana, na muzee wa 404 ameshaniambia atapiga kura ya hapana, huku akinisaidia kurekebisha breki.

Shemeji, kwa upande wako: Mercedes ikikaguliwa mwezi wa tatu, usiwasubiri wakuambie ukaze nati za magurudumu. Tafuta mtu wa kuhesabu asiyeogopa kona. Mimi nimeshalipa nusu ya ada ya mwakani. Bobini yangu ilirudi Oktoba, imefungwa ndani ya mfuko wa sukari pamoja na viplatini (pointi za kuwashia) vipya ambavyo sikuvidai, nikaiandika jina langu kwa rangi ya kucha.