Tela la lobedi la zamani lenye shingo ya kuchomoa: tathmini baada ya misimu miwili ya kazi

Tela hili la lobedi, yaani tela lenye kitanda cha chini cha kubebea mashine nzito, lina ekseli tatu; liliundwa Marekani na lilikuwa limekwisha kufanya kazi miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwangu. Nimelitumia kwa misimu miwili ya ujenzi wa barabara kuhamishia magreda, mashine za kushindilia na eskaveta ya tani 20 hivi. Kuhusu kitanda chake sina malalamiko: kiko chini, chuma chake ni kinene, na mashine hupanda kwa mbele bila kuhangaika na ngazi za nyuma zenye mwinuko mkali. Hata hivyo, faida hiyo yote inategemea shingo, yaani sehemu ya mbele inayounganisha kitanda na kichwa cha lori, kutoka na kurudi mahali pake, na hapo ndipo thamani ya tela kuukuu hujulikana.

Ili kuichomoa shingo, kichwa cha lori na tela vinatakiwa vinyooke katika mstari mmoja juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, kwa sababu ardhi ikiinama upande mmoja shingo hujipinda, kulabu moja ya shingo inayoshika pini ya kitanda ikaachia huku nyingine ingali imebana. Breki zikishafungwa na matairi kuwekewa kabari, injini ndogo iliyo juu ya shingo huwashwa, mkono wa kuegemea hushushwa juu ya chesisi ya kichwa, kisha shingo huinuliwa kidogo ili uzito uondoke kwenye vipande vya chuma vinavyoshikilia kimo cha safari. Vipande hivyo vikigeuzwa pembeni, kitanda huteremshwa taratibu hadi kilale chini, komeo linalofungia shingo kwenye kitanda huvutwa, mipira ya upepo na nyaya za taa huchomolewa, na shingo huendelea kushushwa hadi kulabu ziachane na pini za kitanda. Ndipo dereva husogeza kichwa mbele.

Komeo ndilo lililonisumbua zaidi. Siku za mwanzo lilikuwa linang'ang'ania, na utingo wangu alikuwa amezoea kulipiga nyundo hadi nilipomkataza. Komeo lisilotoka mara nyingi huwa bado limebanwa na uzito, na dawa yake ni kupandisha au kushusha shingo kidogo sana mpaka lilegee lenyewe. Kulilazimisha kunaharibu ncha yake, na likiachia ghafla chuma kizito kinaweza kuanguka bila onyo. Kwa sababu hiyo hiyo simruhusu mtu yeyote, hata fundi mzoefu, asimame kati ya shingo na kitanda wakati injini ile inanguruma. Ninasikitika kwamba vishikio vya haidroliki, yaani vya kuendeshea mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaopandisha na kushusha shingo, viliwekwa karibu mno na pengo hilo, na huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote niliouona katika muundo wake.

Wakati wa masika tulipata tabu ya namna nyingine. Tulishusha kitanda kwenye udongo uliolowa, greda likapanda, na sehemu ya mbele ikazama kiasi kwamba kulabu hazikuweza tena kupita chini ya pini. Tangu hapo tunabeba vipande vinne vya mbao ngumu vya kutandika chini ya kitanda kabla hakijagusa ardhi.

Sili za silinda za haidroliki, yaani vizuizi vya mafuta yasivuje, zilikuwa zimechoka, hivyo shingo ilikuwa ikijishusha yenyewe polepole wakati tunalenga kulabu. Nilibadilisha sili zote pamoja na hozi mbili zilizokuwa zinavuja, na uvujaji huo tuliutafuta kwa kipande cha kadibodi badala ya kiganja, kwa kuwa mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi. Pini na kulabu zilikuwa zimelika kidogo, lakini hazikuwa na ufa kwenye sehemu zilizochomelewa. Kama zingekuwa na ufa, tela hili nisingelinunua kwa bei yoyote. Sasa shingo husimama pale inapoachwa, na kulabu huingia kwenye pini kwa jaribio la kwanza au la pili.