Noah yangu, mlima Kitonga, na gereji iliyoniambia nimlete mume wangu

Watu wa kazini huniuliza mara kwa mara wanunue gari gani la familia, kwa kuwa wananiona naingia Posta, katikati ya Dar, kila asubuhi na kila Desemba nawabeba watoto, mama mkwe na mizigo yake hadi Mafinga. Zamani nilikuwa najibu kabla hawajamaliza kuuliza: Toyota Noah. Siku hizi jibu langu linategemea na siku waliyonikuta, na leo wamenikuta nina hasira. Kwa hiyo naandika yote, atakayesoma aamue mwenyewe.

Noah ninayoisema ni ile iliyoanza kutoka 2007. Siyo ile ya kwanza yenye injini chini ya siti za mbele, ambayo kule Arusha na Moshi bado inabeba abiria wa vijijini. Yangu ilishuka bandarini kama nyingine zote, redio ikiongea Kijapani na haishiki stesheni za juu ya 90, na yule mama wa ndani ya dashibodi kila ukiwasha anadai kadi ya barabara za kulipia za kwao. Watoto wameshamkariri, wanamwitikia.

Nikisema kweli, gari lenyewe halijanikosea. Mama mkwe ana magoti mabovu. Kwenye Prado ya shemeji yangu tulikuwa tunampandisha watu wawili, mmoja anasukuma mmoja anavuta. Kwenye Noah anafunguliwa mlango, anaweka mguu, ameshakaa. Na huo mlango unaoteleza pembeni ungeuzwa peke yake ningeununua, kwa sababu shuleni tunapaki magari yamebanana na mtoto wa darasa la pili hajui kufungua mlango polepole. Siti za nyuma unazikunja zinapanda ubavuni, unapata nafasi ya magunia ya viazi na mahindi, na bado watoto wana pa kukaa. Kiyoyozi cha nyuma kinafika hadi kwa wa mwisho. Wenye Toyota Wish wanajua ninachosema: siti ile ya tatu mtu mzima akikaa hadi Chalinze atashuka anachechemea.

Mabaya yake madogo niyaseme haraka. Liko chini, barabara ya mtaani kwetu mvua ikinyesha linakwangua tumbo. Na kule Mbezi ukisimama kituoni kidogo tu watu wanakuja kufungua mlango wakidhani unabeba abiria.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kabla ya safari ya mwaka juzi nililipeleka kwenye gereji moja, siitaji jina, kubwa, ina geti na wahudumu wenye sare, ndiyo maana niliiamini. Nilitaka sevisi kamili: oili ya injini, breki, maji ya rejeta, na oili ya gia boksi. Nikamwambia kijana aliyekuwa anaandika: hii gia boksi ni CVT, oili yake ni ya CVT, usiweke nyingine. Akaandika. Nikaona kwa macho yangu ameandika CVT. Nikamtumia na picha ya ukurasa wa kitabu cha gari. Akajibu kwa kidole gumba.

Kwa asiyejua kwa nini nilisisitiza hivyo: gia boksi ya aina hii haina gia za kuhesabu, moja, mbili, tatu. Ndani kuna mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili, puli zinajibana na kujiachia, na hapo ndipo kasi inapobadilika. Ndiyo maana kwenye foleni ya Kimara gari linakwenda laini, halirukiruki, halimalizi mafuta hovyo. Lakini kinachoufanya mkanda ule ushike bila kuteleza ni oili yenyewe. ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, imetengenezwa kwa kazi nyingine. Ukiimimina humo gari litawaka, litakwenda kazini na kurudi, hutasikia kitu. Mkanda unateleza kidogo kidogo, unapata moto, unakula chuma. Subiri ulipakie familia ulipeleke mlimani.

Morogoro tulifika salama. Mikumi tukapita polepole kama inavyotakiwa, nyani wamekaa pembeni, watoto wanahesabu twiga. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Tukaanza kupanda Kitonga.

Aliyewahi kupanda Kitonga anajua. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, kona juu ya kona, mbele yako lori la Tunduma linapanda kwa mwendo wa miguu na nyuma yako basi linakupigia honi. Nilikuwa katikati ya mlima nilipoona mshale wa mizunguko ya injini unapanda na gari halipandi. Nakanyaga, injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Kisha ukaja mlio mwembamba kutoka chini, kama mbu sikioni, ukazidi kukaza. Kisha harufu ya kuungua. Gari likasimama, na likaanza kutaka kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mama mkwe alianza kusali kwa sauti. Sina namna ya kueleza jinsi moyo unavyokuwa ukiona kwenye kioo uso wa lori unakuja na nyuma yako wamekaa watoto wako.

Dereva wa lori lile alikuwa mtu mzima wa kazi yake. Alisimama mbali, akawasha taa za tahadhari, utingo wake akaruka chini kabla lori halijatulia, akaweka jiwe nyuma ya tairi langu, kisha jingine. Akakata matawi akayapanga barabarani hadi kwenye kona ili wanaokuja waone. Akaja dirishani akaniambia, "Mama, achia breki taratibu, jiwe limeshika. Watoto washukie upande wa mwamba." Nilimpa pesa akakataa, akasema nikifika niwanunulie watoto soda. Huyu hana sare wala geti.

Tulingoja gari likapoa, likakubali kujivuta, tukafika Ilula karibu na magharibi. Fundi wa pale alifanya kazi chini ya mwembe. Alifungua nati, oili ikatoka akaipakaa kati ya vidole, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Imeungua. Akauliza nimeweka oili gani. Nikasema ya CVT, nina risiti. Risiti imeandikwa "oili ya gia boksi" tu. Hapo mwanangu mkubwa akakumbuka kuna galoni gereji waliirudisha kwenye buti, limefungwa mfuko mweusi. Tukalitoa. Fundi akaligeuza, akasoma kwa kidole herufi kwa herufi: A, T, F. Akazunguka galoni lote akitafuta neno CVT. Halipo.

Oili sahihi ilibidi itoke Iringa mjini kesho yake, ikaletwa kwa basi. Tukalala Ilula. Mafinga tulifika, lakini ule mlio haukuisha tena.

Niliporudi Dar nilikwenda gereji na galoni mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kuongea kistaarabu. Nilitaka mtu aseme samahani mama, tumekosea, tutarekebisha. Bosi wao hakutazama hata galoni. Aliniambia, "Dada, hayo mambo ya gia boksi mwambie shemeji aje tuongee naye, wewe tutakuchanganya bure."

Shemeji. Mume wangu hana leseni. Hajawahi kushika usukani wa gari lolote. Gari nimenunua mimi, ushuru nimelipa mimi, siku ile mlimani nilikuwa nimekanyaga breki mimi. Nikamwambia hivyo. Akacheka na vijana wake wakacheka, akasema, "Sasa mama, umelipakia gari viazi umelipandisha Kitonga, unatulaumu sisi? Oili ni oili." Gereji nzima ina mashine ya kupimia kwa kompyuta, na mwenye mali anasema oili ni oili. Nikamwonyesha karatasi yao wenyewe, imeandikwa CVT kwa mwandiko wa kijana wao. Akasema yule kijana alishaacha kazi. Nikamwuliza, kwa hiyo kijana akiacha kazi oili inabadilika? Akapokea simu akaniacha nimesimama.

Gia boksi ilikufa miezi michache baadaye. Nilinunua ya mtumba kutoka Japani, maduka ya spea ya Gerezani hapa Dar, na kuifunga, zaidi ya milioni mbili zikaondoka, pesa ambayo ilikuwa ya ada.

Wakati ule niliapa. Nilimwambia kila mtu asinunue kitu chenye CVT, anunue Noah ya zamani yenye gia boksi ya kawaida, inavumilia zaidi. Na bado kwa mtu anayekaa mkoani, mbali na maduka ya spea, mwenye fundi mmoja tu wa kijiji, nasimamia hapo hapo. Ile ya zamani inastahimili vipigo. Kwake yeye raha ya foleni haina maana.

Lakini nikikaa nikafikiri, nilikuwa naliadhibu gari kwa kosa la mtu. Gia boksi hii ya mtumba ninayo hadi leo, ina oili yake inayotakiwa, na Kitonga nimeshaipanda tena ikiwa imejaa watu na mizigo. Ilipanda. Nilizima muziki nikasikiliza njia nzima hadi Ilula, haikulia. Nilisimama pale kwenye mwembe, fundi akalizunguka gari akafungua boneti, akafunga, akasema liko sawa, akakataa kunilipisha.

Nimeshapanda Alphard za watu, ni nzuri, zinakula mafuta, na heshima yake barabarani hailipi ada ya mtoto. Nimeshatazama IST, kale kagari kadogo, kwa ajili ya kwenda kazini tu, nikafikiria kuwa na magari mawili, nikaacha. Kwa familia ya watu sita yenye bibi mwenye magoti mabovu sijaona kinachoizidi Noah kwa bei yake. Nunua. Ila oili ya gia boksi kanunue mwenyewe dukani, galoni lisomeke CVT kabla halijafunguliwa, na usiondoke pale gari lilipo mpaka umeona inamiminwa yote. Fundi akikuambia ukakae kwenye benchi, kataa. Akikuuliza mumeo yuko wapi, chukua funguo zako uondoke, gari halijaharibika bado. Mimi kwenye gereji ile nimeshawaondoa ndugu zangu wote, na dada yangu alikuwa anapeleka magari mawili.