Mafundi wa jalada wa Mji wa Kale: waagize sanduku, usiwape kitabu

Mafundi wanaojalidi misahafu na vitabu vya madrasa Mji wa Kale, Mombasa, wana mkono safi na mshono madhubuti. Lakini mwenye toleo la kwanza la riwaya ya Kiingereza ya enzi ya Malkia Victoria asiwaruhusu kulivika jalada jipya.

Msahafu hufunguliwa kila siku, ndiyo maana jalada jipya gumu huufaa. Toleo la kwanza thamani yake imo katika kitambaa kilekile lilichotoka nacho kwa mchapishaji. Chukua Great Expectations ya Charles Dickens, iliyotolewa na Chapman & Hall, 1861, juzuu tatu. Fundi akiijalidi upya, kitambaa cha asili hutupwa, karatasi zilizoshika jalada hung'olewa, na orodha ya vitabu ya Mei 1861 inayokutwa mwishoni mwa juzuu ya tatu, ambayo machoni pake ni tangazo tu, huishia jaani. Kisha kingo hukatwa zilingane. Milimita 2 zikishaondoka, basi tena.

Gundi nayo ina shida yake. Ile nyeupe ya maseremala hushika haraka ila ikikauka hailegei kwa maji, kwa hiyo atakayerekebisha baadaye atauchana mgongo. Ramani ya kukunjwa iliyo mbele ya riwaya ya H. Rider Haggard, King Solomon's Mines (mchapishaji Cassell, 1885), ikipasuka kwenye mkunjo, hutakiwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa ngano. Selotepu kamwe! Huacha doa la manjano lisilotoka.

Kwenye sanduku la kuhifadhia ndipo wanapostahili sifa zote: pembe zimenyooka, kifuniko kinakaa. Pima mwenyewe urefu, upana, na unene pale kitabu kilipofura zaidi, uongeze milimita 2 au 3 kila kipimo; likibana, kitambaa cha mgongo hukwaruzika kila ukikitoa. Dai kadibodi ya milimita 2 na ndani karatasi isiyo na asidi. Liache wazi wiki nzima gundi ikauke, maana unyevu ukipita asilimia 65 kuvu huanza, na hewa ya Mombasa mara nyingi imeshapita hapo. Usikifunge kitabu kwenye mfuko wa plastiki, wala usiegemeze sanduku kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe unaotazama nje: wakati wa masika ukuta huo hunyonya maji.