Waziri wa Elimu Aliyeingia Msituni: Tathmini ya Masimulizi ya Sauti Kuhusu Pierre Mulele

Nimemaliza kusikiliza kwa mara ya pili mfululizo wa masimulizi ya sauti wenye sehemu sita kuhusu Pierre Mulele, Mkongo aliyekuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba mwaka 1960 na ambaye, kabla ya miaka minne kutimia, alikuwa akiongoza vita vya msituni huko Kwilu, magharibi mwa nchi hiyo. Mara ya kwanza nilisikiliza kwa starehe tu, lakini mara ya pili niliketi na daftari, kwa sababu yapo mambo ambayo sikio langu lilikataa kuyameza. Hukumu yangu naitanguliza: mfululizo huu unastahili kununuliwa kwa ajili ya sehemu ya tatu na ya sita, ila unamkosea Mulele kwa jambo moja kubwa, na msikilizaji asiyelijua ataondoka na picha ya mtu mwingine.

Sehemu ya kwanza na ya pili zina haraka isiyo na sababu. Miezi ya uwaziri wake imepewa dakika chache, kana kwamba ni kizingiti cha kurukwa ili tufike kwenye risasi. Ni kweli kwamba serikali ile haikudumu, kwani iliundwa mwishoni mwa Juni, Rais Kasavubu akamfuta kazi Lumumba tarehe 5 Septemba, na siku tisa baadaye Mobutu akaingilia kati na jeshi lake. Lakini anayetaka kuelewa namna waziri anavyogeuka mwasi hana budi kukaa hapo hapo. Chama cha Mulele, Parti Solidaire Africain, ambacho alikuwa miongoni mwa vigogo wake pamoja na Antoine Gizenga na Cléophas Kamitatu, kiliingia serikalini kwa kura, kisha kikaitazama serikali hiyo ikivunjwa na waziri mkuu wake akiuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mulele wakati huo alikuwa Cairo, akiiwakilisha serikali ambayo Gizenga aliisimamisha Stanleyville, mji wa mashariki ambao leo unaitwa Kisangani. Serikali hiyo nayo ilipofutika na Gizenga akatiwa kizuizini mwanzoni mwa 1962, mwakilishi alibaki bila serikali ya kuiwakilisha. Safari yake ya China, alikojifunza vita vya msituni, inaanzia katika utupu huo. Msimulizi anaieleza kwa sentensi moja, tena ya kupita.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifanya niwasamehe watayarishaji mengi. Mulele anarudi kwa siri Julai 1963, anajichimbia katika misitu ya Kwilu na kuanza kuwafundisha vijana. Hapa muziki unazimwa, na kanuni nane alizowapa wapiganaji wake, ambazo mizizi yake ni mafunzo ya Mao, zinasomwa na sauti nane tofauti, moja baada ya nyingine, pasipo maelezo yoyote: mheshimu kila mtu, hata aliye mbaya, nunua mali ya wanakijiji kwa haki bila kuiba, rudisha ulichoazima, lipa ulichovunja, usikanyage mashamba ya watu, usiwatese mateka. Nilisimamisha simu nikarudia kusikiliza mara tatu. Aliyenyang'anywa wizara ya elimu alikuwa amefungua shule chini ya miti, na somo lenyewe lilikuwa kile ambacho watu wa Kwilu walikiita uhuru wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza, machoni pao, ulikuwa umeishia mikononi mwa wakubwa wa mjini. Jambo la kuheshimika ni kwamba mara tu baada ya kanuni hizo tunapelekwa Kilembe, huko huko Kwilu, Januari 1964, ambako wamisionari watatu Wabelgiji waliuawa. Watayarishaji hawasemi lolote. Wanaziacha kanuni na maiti zikae jirani. Vita vyenyewe, vilivyopiganwa zaidi kwa pinde, mishale na mapanga, wamevieleza vya kutosha, pamoja na shambulio la Februari lililomuua mnadhimu mkuu wa jeshi la serikali, Luteni Kanali Ebeya.

Kosa kubwa limo katika sehemu ya nne. Msimulizi anatamka bila kusita kwamba Mulele "aliwaongoza Simba hadi Stanleyville". Haikuwa hivyo. Simba walikuwa waasi wa mashariki, chini ya Gaston Soumialot na Christophe Gbenye, ambaye naye aliwahi kuwa waziri, wa mambo ya ndani. Hao ndio walioiteka Stanleyville Agosti 1964, huku Mulele akiwa Kwilu, upande wa magharibi, mamia ya kilomita kutoka hapo na bila amri yoyote juu yao. Kilichosafiri ni jina lake. Wapiganaji wa mashariki, wakiwa wamepakwa dawa na waganga, walipiga ukelele wa "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Naelewa kishawishi cha kuchanganya, maana neno simba ni letu na mai hatuhitaji kutafsiriwa, lakini ndiyo sababu watayarishaji wanaosimulia kwa Kiswahili walipaswa kuwa wa kwanza kulitatua fundo hili. Badala yake wamewapa wapiganaji wa Kwilu, wanaozungumza Kikongo, vibwagizo vya Kiswahili cha mashariki katika maigizo yao. Zaidi ya hayo, uasi wa Mulele ulijikita kwa makabila mawili, Wambunda na Wapende, na huo ulikuwa udhaifu wake mkubwa. Kuambiwa kwamba "Kongo nzima iliwaka kwa amri yake" kunaufuta.

Sehemu ya sita inamrudisha Mulele halisi. Tunamwona Septemba 1968 amevuka hadi Brazzaville, mji mkuu wa Kongo ile nyingine ng'ambo ya mto, Waziri wa Mambo ya Nje Justin Bomboko akifika na ahadi ya msamaha, kisha mlio wa injini ya boti inayomrudisha Kinshasa tarehe 29, ukipungua polepole hadi kimya. Siku chache tu baadaye alikuwa ameuawa. Watayarishaji wanatoa taarifa ya serikali, kwamba alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi, halafu wanatoa simulizi ya pili, kwamba aliteswa hadi kufa na mwili wake ukatupwa mtoni. Mateso hayo yanaelezwa kwa undani, hivyo msiisikilize mkiwa na watoto.

Kuhusu huduma yenyewe, malipo kwa simu hayakunisumbua, ila sehemu ya tano ilinifikia ikiwa imekatika dakika za mwisho, na muziki wake unaifunika sauti ya msimulizi kiasi kwamba majina ya vijiji hayasikiki. Maandishi ya kusoma sambamba hayapo. Niliwaandikia wauzaji, na baada ya siku nne nikatumiwa faili nzima. Katika barua hiyo hiyo niliwauliza juu ya Simba na Stanleyville; hilo hawakulijibu.